Kupa Nini

Karani wa vitambulisho, Urambo, hakuinua macho:
"Jina la ukoo?"
"Kupa."
Akangoja. Kalamu nayo ikangoja.
"Kupa nini, mama? Kumpa nani?
Jina hili halijaisha."

Nyuma yangu foleni ikacheka.
Nimezoea. Shuleni niliitwa Kupe,
watoto wakajikuna makusudi nikipita.
Siku ya posa, mshenga aliuliza kwa heshima
kama sisi asili yetu ni Kongo.

Sisi asili yetu ni pipa.

Babu aliingia kambini mwaka wa matrekta,
Waingereza walipoamua kwamba msitu wetu
utazaa karanga za kulisha kwao.
Karanga zilikataa. Hilo linajulikana.
Lakini kabla hazijakataa palikuwa na msimamizi,
mrefu, shingo nyekundu kama udongo wa kichuguu,
aliyeandikwa Cooper, akatamkwa Kupa,
na siku ya mshahara mlipaji alipaza sauti:
"Watu wa Kupa, huku!"
Wakasogea kumi na wanane.
Kumi na saba walirudi kwao na majina yao.

Babu jina lake lilikuwa Lugoye.
Alizaliwa kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili,
mkunga akakikata, akasema huyu ni kamba,
na kamba kwa Kinyamwezi ni lugoye, basi.
Daftari la kwanza likaandika Lugoye wa Kupa.
Daftari la pili likaona "wa" inakula wino.
Baba alipopelekwa misheni, mwalimu akaona
majina yote hayo ni mengi kwa mtoto mmoja,
na Lugoye akadondoka njiani
kama mzigo uliofungwa vibaya.

Mwanangu Nyamizi, asomaye Tabora mjini,
ndiye aliyeniletea sehemu iliyobaki, likizo ya Juni:
kwamba huko kwao, zamani sana,
mtu aliitwa kazi yake,
msaga nafaka, mfua chuma, mwezekaji mapaa,
na Cooper ni fundi mapipa,
yule apindaye mbao kwa moto
akazibana kwa pete za chuma
hadi zishike maji bila gundi.
Mwana akarithi nyundo, mjukuu akarithi nyundo,
kisha siku moja nyundo ikapotea
jina likabaki linatembea peke yake,
likapanda meli, likashuka,
likaja kusimama Urambo mbele ya pipa linalovuja
na lisijue la kufanya.

Hapo ndipo bibi alipokuwa akicheka kila akisimulia.
Pipa la maji la kambi lilivuja wiki nzima.
Bwana Kupa akalizunguka, akalipiga teke, akaandika barua.
Babu akaenda porini, akarudi na nta
na utepe wa gome la mtundu,
maana kazi yake, kabla hajawa mtu wa mtu,
ilikuwa kutengeneza mizinga ya nyuki:
gome likunjwe, likazwe kamba, asali isipite.
Akaziba. Halikuvuja tena.

Sasa pale, Kupa alikuwa nani?

Msimamizi aliondoka na matrekta. Alitupa jina.
Neno hilo nimeligeuza miaka mingi, alitupa,
sijui kama ni la mtu anayetoa
au la mtu anayefagia nyumba akihama.

"Mama," karani akasema, "foleni."
Nikamwambia aandike Kupa, kwa K,
kisha, nafasi ikiwepo, Lugoye.
"Kupa Lugoye," akasoma. Hakucheka safari hii.
Visanduku havikutosha.
Jina liliingia hadi Lugo,
Y na E zikabaki nje,
nikaondoka nazo mdomoni.